Kufuata Kijito cha Kakombe Mpaka Kwenye Maporomoko

Safu ya TUTEMBEE PAMOJA

Mwezi huu safu yetu haikai nyumbani. Wengi mmetuuliza kwa nini kila mara tunaandika juu ya mgao, usafi wa vyoo na tarehe za chanjo, kana kwamba dunia inaishia pale kwenye kizuizi cha barabarani. Swali zuri. Basi leo tunawapeleka matembezi ya siku moja, mguu kwa mguu, kufuata kijito ndani ya bonde jembamba mpaka kwenye maporomoko ya maji. Na wala si mbali. Ni Gombe, mkoa wetu huu huu wa Kigoma.

Kabla hujasema "mimi Gombe sijawahi kuiona," subiri kwanza. Sisi tunadhani wengi wenu mmeiona, ila hakuna aliyewaambia jina lake. Wale waliovuka ziwa kwa mashua kutoka Fizi, Baraka na Uvira miaka ya 1996 na 1998, kuna waliopambazukiwa na milima ile mbele yao. Na ndugu zetu wa Burundi waliokusanyika Kagunga mwezi wa Mei 2015, mnakumbuka wenyewe: watu makumi ya maelfu kwenye ufuko mwembamba, milima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna, kipindupindu kimeingia. Mlipakiwa kwenye meli ya MV Liemba, mamia kwa mamia, mkashushwa Kigoma mjini. Sasa, ukitoka Kagunga kwenda Kigoma lazima upite mbele ya Gombe. Ile milima ya mkono wa kushoto, iliyofunikwa miti mpaka karibu na maji, ndiyo yenyewe. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kuangalia milima siku ile? Mama mmoja aliyekuwa nasi safari hii alisema alipita pale akiwa na mtoto mgonjwa mapajani, na kitu alichokuwa akikiangalia ni kifua cha yule mtoto tu, kama bado kinapanda na kushuka. (Mtoto alipona. Sasa ni kijana, anacheza mpira zoni ya jirani.)

Tuseme wazi jinsi tulivyotoka, maana maswali yatakuja. Tulikuwa watu 14: akina mama watano wa kikundi cha majiko, vijana watano wa bustani ya miche, wazee wawili, na sisi wawili wa gazeti. Kibali kilikuwa cha siku tatu, kimeombwa na watu wa mazingira wanaofanya kazi hapa, nao ndio waliolipa mashua na ada ya hifadhi. Majina yalichaguliwa kwenye vikundi vyenyewe. Hakuna aliyependelewa, na kama yupo anayedhani hivyo, aje ofisini tumwonyeshe karatasi.

Gombe haifikiwi kwa gari. Ukishafika Kigoma unashuka ufukweni Kibirizi, unapanda mashua, unaelekea kaskazini. Mashua za abiria zinazokwenda vijijini huchukua kama saa tatu mpaka Gombe, kwa kuwa zinasimama kila mahali kushusha magunia, kuku na wajukuu. Ya kwetu ilikuwa ya kukodi, ikaenda haraka kidogo. Tuliondoka alfajiri, ziwa limetulia, wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao zimezimwa.

Hapo majini ndipo tulipoona kitu cha kwanza. Ukiangalia pwani kwa utaratibu unaona vijiji, mashamba ya mihogo yaliyopanda mlima hadi juu, udongo mwekundu, mifereji mikavu iliyochimbwa na mvua. Halafu ghafla mstari. Upande huu mlima uko wazi, upande ule msitu umesimama, kama kichwa cha mtu aliyenyolewa nusu kinyozi akaitwa nje. Hakuna ukuta wala senyenge. Ni mpaka wa hifadhi tu. Mzee wetu mmoja wa Fizi aliangalia muda mrefu, akasema kwa lugha yake ya nyumbani: "Hii mulima ni moja. Mvua ni moja. Ni watu tu ndio beko mbalimbali." Akanyamaza tena.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 60, moja ya hifadhi ndogo kabisa za taifa Tanzania. Imelindwa tangu mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa: ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vinapanda kupita mita 1,500, yote hayo kwa umbali mfupi sana wa kutembea. Ndiyo maana vijito vyake ni vifupi, vyenye haraka, na kila kimoja kimejichimbia bonde lake lenye kuta kali. Mabonde ni zaidi ya kumi, yamepangana kama vidole. Sisi tulikwenda la Kakombe.

Tuliteremka Kasekela, penye makao ya hifadhi. Jambo la kwanza unaloambiwa ni kuficha chakula. Nyani wa pale ufukweni si wa mchezo. Wamezoea watu kiasi kwamba mkoba ukiuacha wazi umeshagawiwa. Mihogo yetu ya kuchemsha na karanga tuliziacha ndani, mlango ukafungwa. Jambo la pili, mwenye kikohozi au mafua aseme. Sokwe ni karibu sana nasi kwa damu, na magonjwa yetu yanawaua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono isiyofanya kazi. Ndiyo maana ukienda karibu na sokwe unavaa barakoa na unakaa umbali wa mita 10. Kijana wetu mmoja alikuwa na mafua kidogo. Alibaki ufukweni bila kulalamika, na tunamtaja hapa (jina tunalo, hatuliandiki) kwa sababu kuficha ilikuwa rahisi kabisa na yeye hakuficha.

Njia inaanza tambarare kati ya michikichi. Ndiyo, michikichi ya mawese, ile ile! Akina mama walicheka kwa furaha. Mwongozaji alieleza kwamba zamani watu waliishi kwenye mabonde haya, wakalima, na michikichi imebaki baada yao. Sasa wanaovuna ni sokwe na nyani. Mama mmoja aliinama akaokota chikichi moja iliyotafunwa, akaigeuzageuza. Akasema wanaitafuna vibaya, mafuta mengi yamebaki.

Baada ya hapo bonde linabana. Unasikia maji kabla ya kuyaona. Njia inapita juu ya mizizi, inavuka kijito kwa mawe, inarudi, inavuka tena. Mawe yana ukoka wa kijani unaoteleza kama sabuni, na aliyevaa ndala atajuta. Mmoja wetu alivaa, akamaliza safari miguu mitupu, ndala mkononi. Maji yenyewe ni ya kufika kwenye kifundo, mahali pengine kwenye goti. Ni baridi, na yana uwazi ambao sisi tulikuwa tumeusahau: unaona changarawe moja moja chini. Tulikuwa mwezi wa Juni, mvua imeshakatika, lakini kijito kinatembea kama cha Machi.

Hapo vijana walianza kuuliza, na mwongozaji akasimama awajibu. Alifukua majani yaliyooza kando ya njia kwa fimbo yake: tabaka la kwanza kavu, la pili bichi, la tatu jeusi linalonata vidoleni. Mvua ikinyesha, alisema, haifiki chini kwa hasira. Inagonga jani la juu, inadondoka kwenye jani la pili, inateremka kwenye shina, inaingia kwenye hili godoro la majani oza, mizizi inaishikilia, na mlima unaanza kuiachia polepole, tone kwa tone, mwezi hadi mwezi. Kijito cha Juni ni mvua ya Februari. Kwenye mlima ulio uchi mvua ile ile inakimbia siku hiyo hiyo, inabeba udongo, inajaza mfereji, inafika ziwani ikiwa tope, na ikifika Juni hakuna kitu. Maelezo ni hayo tu. Kila mtu alikuwa ameshayasikia kwenye semina, tena kwa picha za ubaoni. Lakini kuyasikia huku miguu yako iko ndani ya maji ya mwezi wa Juni ni jambo lingine.

Tunaomba turuke kidogo mpaka mwaka 1960, kwa sababu mahali hapa huwezi kupita bila kumtaja aliyepafanya pajulikane duniani. Jane Goodall alifika hapa tarehe 14 Julai 1960, binti Mwingereza wa miaka 26, hana digrii, ametumwa na Louis Leakey wa Nairobi aje kuwaangalia sokwe. Serikali ya wakati ule haikukubali msichana akae porini peke yake, basi akaja na mama yake mzazi, Vanne. Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Walipofika Kigoma mjini, siku chache kabla, waliukuta mji umejaa wakimbizi kutoka Kongo! Walikuwa nani? Wabelgiji. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, fujo zikaanza, wazungu wakavuka ziwa na masanduku yao. Jane na mama yake walikaa siku kadhaa wakisaidia kuwapikia na kuwaandalia chakula. Inajulikana kwamba walitengeneza vipande vya mkate na nyama ya kopo vipatavyo 2,000. Wao wenyewe walipiga hema kwenye uwanja wa gereza la Kigoma wakingoja kuruhusiwa kuendelea.

Tuliposimuliwa haya njiani, mzee wetu wa pili alisimama akaegemea mti, akacheka mpaka akatoa leso. "Kumbe hata wao walipanga foleni Kigoma!" Hatukucheka kwa ubaya. Ila unajua, mtu ukishaitwa mkimbizi miaka mingi unaanza kudhani ni kabila. Kumbe ni hali inayompata yeyote ambaye usiku umemkuta upande mbaya wa ziwa.

Mama Goodall alikaa hapa, akaona kitu ambacho wataalamu walikuwa wanakikataa. Sokwe mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyemwita David Greybeard, alichukua kijiti cha nyasi, akakiingiza kwenye kichuguu, akakitoa kimejaa mchwa, akala. Baadaye akaonekana akipukuchua majani ya kijiti ili kiingie vizuri. Yaani anatengeneza chombo. Wakati ule vitabu vilisema anayetengeneza chombo ni binadamu peke yake. Utafiti ulioanza mwaka ule haujakatika mpaka leo, na Jane Goodall mwenyewe aliaga dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Tena kuna habari ya mwaka 1975 ambayo wazee wa upande wa Fizi wanaijua kuliko sisi. Usiku wa mwezi wa Mei watu wenye silaha wapatao 40 walivuka ziwa kutoka Zaire, wakaingia kambi ya watafiti hapa Kasekela, wakachukua wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Lilikuwa kundi la PRP la Laurent-Désiré Kabila. Baadaye wote waliachiliwa, wazima. Siasa tunaiacha, gazeti hili ni la familia. Tunalotaka mlijue ni kwamba baada ya hapo wageni walizuiwa kukaa, na kazi haikufa. Watanzania wa vijiji hivi hivi vya ziwani, waliokuwa wakiitwa wasaidizi, ndio waliokuwa wakiamka alfajiri, wakifuata sokwe mlimani, wakiandika kila kitu kwa mkono, kwa Kiswahili. Madaftari yale ndiyo yaliyobeba utafiti. Vijana wetu mliomaliza sekondari hapa na kukaa mkisema "sina cheti cha kutambulika," hilo mlifikirie kidogo.

Turudi kwenye kijito. Karibu na sehemu moja penye kina kidogo, mwongozaji alituonyesha maji akasema mahali kama hapa, kwenye kijito hiki cha Kakombe, mwaka 1972 alikutwa amekufa Flo, sokwe mama aliyekuwa anajulikana kuliko wote. Alikuwa mzee sana, meno yameisha. Mwanawe wa mwisho mwenye uhai, Flint, alikuwa na miaka minane na nusu, umri ambao sokwe wengine wameshaanza kujitegemea, lakini yeye alikuwa hajaachana na mama. Flint alikaa kando ya mwili. Baadaye akapanda kwenye mti mahali ambapo yeye na mama yake walikuwa wamelala, akaangalia kile kitanda cha majani. Akaacha kula. Baada ya wiki kama tatu na yeye akafa.

Hapo hapakuwa na maswali. Kati yetu tulio 14 (siku hiyo 13, mmoja yuko ufukweni), tunaweza kuhesabu wangapi wamewahi kukaa kando ya mwili wa mama njiani wasiweze kuuacha, na wakauacha. Mama mmoja aliosha uso kwa maji ya kijito. Tukaendelea.

Mwisho wa bonde ni korongo hasa. Kuta za mwamba zinasogeana kushoto na kulia, jua linapotea, mimea aina ya kangaga imening'inia kila mahali na matone yanadondoka kwenye ncha zake. Halafu kona moja, na maporomoko yako mbele yako. Yana urefu wa mita kama 25. Si makubwa kwa dunia, tusidanganyane. Waliowahi kusikia habari za Kalambo, kule mpakani na Zambia, wanajua kwamba yale yanapita mita 200. Haya ni uzi mweupe wa maji unaoshuka moja kwa moja kwenye ukuta mweusi, na mizabibu mwitu mirefu imening'inia pembeni kama kamba za kisima. Lakini kwa sababu mahali ni pembamba, sauti inajaa yote. Na kuna upepo. Nje hakuna hata jani linalotikisika, pale chini kuna upepo wa baridi muda wote, unatoka kwenye maji yenyewe yanavyoanguka. Kitenge cha mama kilipepea kama yuko kwenye mashua.

Sokwe hatukuwaona. Tuliwasikia mara mbili, juu sana, ule mwito wao unaoanza chini chini na kupanda mpaka unakuwa makelele ya harusi. Ila tulielezwa kitu wanachokifanya mahali pale, ambacho Jane Goodall alikiandika mara nyingi. Dume akikaribia maporomoko, hasa maji yakiwa mengi, manyoya yanamsimama. Anaanza kuyumba kwa miguu miwili, anakanyaga maji kwa mdundo, anarusha mawe makubwa, anapanda kwenye mizabibu ile na kubembea kwenye mvuke. Dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Halafu anakaa juu ya jiwe, anayaangalia maji yanavyokuja na kwenda, yasiyokwisha. Kwa nini? Hajamwambia mtu. Mama Goodall aliona labda ni kitu kinachofanana na ule mshangao wetu sisi binadamu mbele ya jambo kubwa. Wachungaji na mashehe wa hapa kambini watakuwa na la kusema juu ya hilo, na kurasa ziko wazi. Sisi tunaripoti kwamba vijana wetu wanne, bila kuambizana, walifanya karibu vile vile: walipiga kelele, wakarusha maji, wakacheza, halafu wakakaa kimya kwenye mawe.

Tulikaa kama saa nzima. Hatukula kitu, sheria ni sheria.

Njiani kurudi ndipo mama kiongozi wa kikundi cha majiko alipouliza swali ambalo kwa maoni yetu ndilo lililolipa safari nzima. Alimuuliza mwongozaji: "Baba, hawa watu wa kijiji kule nje ya mstari, wanapikia nini?" Yule baba alicheka, akasema hilo ndilo swali lenyewe. Alisema msitu wa hifadhi ungekuwa umelindwa kwa bunduki tu, basi siku moja watu wangeshinda bunduki, kwa kuwa njaa haiogopi.

Akaeleza, na mwenye mashua, ambaye ni mtu wa kijiji cha jirani, aliongezea tulipofika ufukweni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall alipanda ndege ndogo, akaangalia chini, akashtuka: msitu wake ni kisiwa, pande zote mlima uko mtupu. Mwaka 1994 ukaanza mradi unaoitwa TACARE. Wataalamu walikuja na miche. Wanakijiji wakasema, miche sawa, lakini watoto wanaharisha, zahanati iko mbali, shule hakuna paa, maji hakuna. Kwa hiyo ikabidi mradi uanze na hayo: maji, afya, shule, mikopo midogo kwa akina mama. Miti ikafuata. Baadaye vijiji vyenyewe vikatenga misitu yao kwenye miteremko ya juu, vikaweka walinzi wao wenyewe. Na jambo lililotushangaza sisi: sehemu nyingi hawakupanda kitu. Waliacha tu. Kisiki kinachoonekana kimekufa kina mizizi hai chini. Usipokikata tena na usipokichoma moto, kinachipua chenyewe, na miaka michache baadaye una mti. Vijana wetu wa bustani ya miche, wanaobeba maji kwa madumu kila jioni, walitazamana.

Sasa tuzungumze ya kwetu, na hapa hatutapamba. Kijito kilicho chini ya zoni yetu ya mwisho, waliofika hapa mwanzo wanakumbuka watoto wakioga ndani yake hata Agosti. Siku hizi Julai ni mchanga. Mteremko wa juu yake tumeukata sisi, na majirani wa kijiji wamekata upande wao, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole. Kuni sasa zinafuatwa mbali. Akina mama wanaondoka kabla jua halijatoka, na ya kule porini mnayajua: wengine wamenyang'anywa mapanga, wengine wamepigwa, na yapo yasiyoandikwa kwenye gazeti la familia. Mama kiongozi alitwambia kwenye mashua kwamba alipiga hesabu: umbali wa Kasekela mpaka kwenye maporomoko, kwenda na kurudi, ni mfupi kuliko safari yake moja ya kuni.

Kikundi cha majiko na vijana wa bustani wamerudi na pendekezo. Wanataka mteremko ule wa juu ya kijito uachwe, visiki visiguswe wala kuchomwa kwa miaka mitano, na mstari uwekwe kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wamekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji cha jirani, naye hakukataa. Viongozi wa zoni wamepelekewa barua.

Wapo wanaopinga, na si watu wabaya. Wanasema: zoni ya mwisho ndiyo yenye wajane na wazee wengi, ule mteremko ndio kuni zao za karibu, ukiufunga umewatuma mbali zaidi. Tena wengine wanauliza, miaka mitano ya nani? Nani anajua tutakuwa hapa mwakani? Mzee wetu wa Fizi alijibu hilo la pili kwa kusema michikichi ya Kakombe waliipanda watu ambao hawapo tena, na imekuwa chakula. Jibu zuri, lakini halipiki maharage. Sisi wa gazeti tunaona hivi: mteremko usifungwe kabla ya nyumba za wajane na wazee wa zoni ile kupata majiko ya udongo ya kubana moto, nyumba moja moja, kwa orodha inayosomwa hadharani. Kikundi kinasema kinaweza kufinyanga majiko hayo kikipewa udongo wa kichuguu na watu wa kuukanyaga. Kuukanyaga udongo hakuhitaji kibali.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, uwanja wa mgao. Tafsiri ya Kirundi itakuwepo. Mwenye nyumba iliyo karibu na kijito aje hata kama anapinga, hasa kama anapinga. Na yule kijana wa mafua ameshapona. Amesema atakuja na koleo.